Dalali wa Kazi na Ujira wa Kibarua

 

Ndugu zetu Waislamu, katika maswali yanayoletwa darsani hakuna linalorudi mara nyingi kama hili: kijana wa Kwale au Kilifi apelekwa na wakala kwa mwenye ghala Mombasa, au kwa tajiri wa Ghuba, mwajiri hulipa, wakala hutwaa chake kwanza, na kijana hupewa kilichosalia bila ya kujua kilikuwa ngapi. Je, ni halali?

Twasema: udalali wenyewe si haramu. Imamu Bukhari, katika kitabu cha Ijara, ameweka mlango juu ya ujira wa dalali, akawataja Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Al-Hasan kuwa hawakuona ubaya ndani yake. Tena ametaja kauli ya Ibn Abbas, kuwa mtu aweza kumpa mwenziwe nguo akauze, na kitakachozidi bei aliyoitaja kikawa cha muuzaji. Mawakala wangeipenda kauli hii, lakini wangeisoma nusu. Nani aliyetaja bei? Mwenye nguo. Na katika kazi mwenye bidhaa ni kibarua, maana mikono ni yake. Akitaja mwenyewe ujira anaouridhia, naye ajua kuwa kinachozidi ni cha wakala, hana la kudai. Ama akiambiwa mwajiri halipi zaidi ya hapo, na kumbe alipa, huo ni uwongo na ghushi, hata karatasi ikiwa imetiwa sahihi.

Mtume (s.a.w.) alikataza watu kuwatokea wenye misafara njiani kabla hawajafika sokoni, na katika mapokezi ya Muslim mwenye bidhaa amepewa hiari akifika huko. Basi wakala amwendeaye kijana kijijini na mkataba mkononi, kabla hajapata kuuliza mtu, ana tofauti gani na hao wa njiani?

Tuseme mwajiri atoa shilingi 1,500 kwa siku, na kibarua apata 900. Zile 600 ni za nini? Ikiwa wakala hulipa usafiri, hupeleka michango ya NSSF, na humlipa kibarua hata mwajiri akichelewa, hiyo ni kazi na ina ujira wake. Ikiwa kazi yake ilikuwa kupiga simu moja, basi na alipwe bei ya simu.

Nabii Musa alipoajiriwa Madyana, kama ilivyo katika Sura ya Al-Qasas, aliambiwa muda waziwazi, miaka minane, na kumi kwa hiari yake. Naye akajibu kwa sharti lake. Hakuona haya. Vijana wetu huona haya, wakidhani kuuliza ni utovu wa shukrani. Na waulize, tena wakiwa pamoja: mwajiri hutoa ngapi, wakala hushika ngapi, kwa miezi mingapi?

Latuuma zaidi kuwa baadhi ya mawakala hao ni wenzetu wa safu ya mbele, na mikeka ya msikiti wameinunua wao. Ndipo mimbari zikanyamaza. Amtumikishaye mtu akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake, Mwenyezi Mungu mwenyewe ndiye hasimu wake Siku ya Kiyama. Mkeka hauifuti kesi hiyo.

Kibarua naye, akiwa amekubali kiasi kinachojulikana bila ya kudanganywa, hana ruhusa kumzunguka wakala na kupatana na mwajiri kwa siri. Angoje muda uishe, kisha ataje bei yake upya.