Mapambo ya Urithi: Yapambanuliwe Kabla ya Kuthaminiwa

Mama afapo, aghalabu huacha kijaluba cha mapambo: mkufu, vipuli, mitali ya fedha. Hapo huzuka swali ambalo watu wetu wa Diani na Msambweni hulisema kwa kunong'ona: mrithi ajuaye kuwa mkufu ule si dhahabu bali ni shaba iliyochovywa, je, yampasa kusema, au anyamaze asiwavunje moyo nduguze?

Twasema: yampasa. Kwani atakayepewa mkufu ule kwa hesabu ya dhahabu atakuwa amepunjwa fungu lake, na mafungu hayo ameyakadiria Mwenyezi Mungu Mwenyewe katika Sura ya An-Nisaa. Siku ya Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijra, sahaba Fadhala bin Ubaid alinunua kwa dinari 12 mkufu wa dhahabu na shanga. Alipoupambanua, akaona dhahabu yake yazidi dinari 12. Mtume (S.A.W.) akakataza usiuzwe mpaka upambanuliwe. Ikiwa ndivyo katika biashara, itakuwaje katika mali yenye haki ya yatima?

Wala mtu asidanganyike na ukongwe. Riale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa imeandikwa 1780, lakini iliendelea kupigwa kwa mwaka ule ule hata katika karne ya 20. Fedha yake ni ya kweli; umri wake ndio usiosomeka pale. Basi maswali ni mawili. Ni madini gani? Hili hujibiwa kwa mizani na jiwe la sonara; sumaku haitoshi, kwani shaba haivutwi nayo, kama isivyovutwa dhahabu. Ni la zamani gani? Pambo la kale hulika pale pingili zinaposuguana. La kuigizwa kwa kalibu aghalabu huwa na kingo butu na vitundu vidogo, na weusi wake umepakwa sawasawa kila pahali.

Basi na aitwe sonara asiyetaka kununua, apime mbele ya warithi wote, wanawake kwa wanaume, na yaandikwe. Wakiisha kujua, wana hiari ya kusameheana. Ama kusamehe usichokijua si kusamehe. Wakikhitalifiana, Kadhi yupo.

Na ikidhihiri kuwa mkufu si dhahabu, si aibu kwa marehemu. Huenda naye aliuziwa hivyo. Aibu ni ya aliye hai, akajua, akanyamaza.