SKRUBU ILIYOKAMATWA NA KUTU



Randa ya zamani ikikaa bila kazi, skrubu inayoshika kisu hukamatwa na kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo sababu inakaza. Fundi mwenye hasira hutwaa bisibisi nyembamba, anasukuma kwa nguvu, kichwa cha skrubu kinalika. Sasa ataifunguaje? Fundi mwenye akili anasafisha kwanza ule mfereji wa kichwa, anatafuta bisibisi inayoujaza, anatia mafuta mepesi, halafu analala. Ndiyo, analala! Mafuta yanatembea usiku. Asubuhi anagongagonga polepole, anakaza kidogo, ndipo anafungua.

Wazee wa kanisa, tusikilizane. Kuna baba mmoja kati yetu, miezi minane haji ibadani kwa ajili ya maneno ya urithi. Amekwisha kupokea barua tatu, na ya tatu inamtisha kufutwa. Hiyo ni bisibisi nyembamba. Nani ameketi kwake, akala naye bukari bila kumwuliza neno?

Katika Luka 13 mtunza shamba aliuombea mtini mwaka mmoja zaidi. Papa Simon Kimbangu alifungwa mwaka 1921, akafia gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Waamini walisali kwa siri, na serikali ilitambua kanisa mwaka 1959 tu. Sisi miezi minane imetuchosha?

Kikao cha kumfuta kingoje. Wiki hii mama wawili na baba mmoja waende kwake jioni, na chakula, bila karatasi.