Jirani wa Ubavuni

Mwanafunzi anayepangiwa chumba katika bweni la chuo kikuu hukabidhiwa ufunguo pamoja na karatasi ya kusaini. Kwa kawaida karatasi hiyo humkataza kupika chumbani, kulaza mtu asiyepangiwa, kuingiza mgeni wa jinsia nyingine, kubadilishana vitanda bila idhini na kupiga muziki usiku. Akisaini anaingia. Asiposaini anakwenda kutafuta geto mtaani. Tumezoea kuyaona mambo haya kuwa ya ofisini, yanayomhusu Mshauri wa Wanafunzi na msimamizi wa hosteli, lakini chini yake kuna swali zito la dini na falsafa: nani mwenye haki ya kumwamulia mtu mzima namna ya kulala, ya kula na ya kupokea wageni? Mkoa wa Tanga una sababu ya kulijibu swali hili wakati huu. Chuo Kikuu cha Mzumbe kimeelekeza kampasi yake mpya Gombero, wilayani Mkinga, kwa fedha za mradi wa HEET, ambao serikali iliuanzisha 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Vijana wa Kigoma, Mtwara na Pemba watakutana huko, na lazima mtu aandike kanuni za kuishi kwao. Ninachodai ni kwamba kanuni ya bweni hupata uhalali wake kwa jirani, yule anayelala kitanda cha pili, wala haiupati kwa mlezi. Kanuni isiyomlinda jirani haistahili kuwepo. Inayomlinda haistahili kuvunjwa, hata kwa huruma.

Pwani hii ina uzoefu mrefu wa kuwalaza wageni chini ya paa moja, na imewahi kufanya hivyo kwa namna tatu zisizofanana. Ya kwanza ni ya misheni. Kuanzia miaka ya 1870 Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walilea wavulana pale Magila, karibu na Muheza, kwa kengele, sala na saa za kulala, na mkuu wa misheni alikuwa baba wa wote. Ya pili ni ya mashamba ya mkonge. Dkt. Richard Hindorf aliuleta mmea huo Kikogwe, Pangani, 1893, na zao lilipokua likahitaji mikono mingi kuliko iliyokuwepo hapa. Wenye mashamba wakaunda SILABU 1944 ili kukusanya vibarua kutoka mbali, nao manamba wakalazwa katika kambi zilizokuwa mali ya mwajiri. Kanuni za kambi zilimfaa mwenye shamba: watu wawe karibu na kazi, wahesabike, na anayeacha kazi aondoke na mkeka wake.

Namna ya tatu ndiyo yenye somo kubwa, na ajabu ni kwamba wanaoandika kanuni za vyuo hawaiangalii. Ni nyumba ya kupanga ya Ngamiani, mjini Tanga. Katika barabara zile zenye namba, nyumba moja huwa na ukumbi unaopita katikati, vyumba huku na huku, na ua wa nyuma wenye choo, bafu na mahali pa kupikia. Vyumba sita huweza kuwa na wapangaji wa makabila matano na dini mbili, wote watu wazima, wala hapana baba wa nyumba anayewapangia saa ya kulala. Hata hivyo kuna utaratibu mkali. Anayeingia hupiga hodi na kungoja. Mwanamume mgeni huishia barazani mpaka aitwe. Ukumbi hufagiliwa kwa zamu, maji ya bafu hayaachwi yakatuama, na redio hupunguzwa kukiwa na mgonjwa au matanga. Anayekaidi husemwa na wenzake, akizidi hushtakiwa kwa mwenye nyumba. Ukizipima taratibu hizi moja baada ya nyingine utaona kwamba kila moja ina mtu anayeumia ikivunjwa, na mtu huyo yumo humo humo ndani. Hakuna aliyezitunga ili kumfanya mpangaji awe mwema. Zimetungwa ili wema na ubaya wake visiwaangukie wengine.

Dini mbili za pwani hii zinaunga mkono msingi huo kwa maneno yasiyo na utata. Qur'ani, katika Sura ya An-Nisaa, inapoorodhesha watu wanaostahili kutendewa wema inawataja jirani aliye karibu na jirani wa mbali, kisha inamtaja rafiki wa ubavuni. Wafasiri wengine wamesema huyo ni mwenzi wa safari, wengine mke, wengine mtu yeyote anayekuwa nawe pamoja katika masomo au kazi. Sioni mtu anayefaa zaidi tafsiri hiyo ya mwisho kuliko mwanafunzi ambaye kitanda chake kiko hatua mbili kutoka chako. Hukumchagua, hamna udugu, na bado anausikia usingizi wako. Mtume Paulo naye, akiwaandikia Wakorintho juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu, alikubali kwamba kula si dhambi kwa anayejua, kisha akasema yuko tayari kuiacha iwapo inamkwaza ndugu yake. Uhuru wake haukupunguzwa na askofu wala na baraza. Ulipunguzwa na mtu aliyeketi naye mezani. Pale Magamba, Lushoto, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT ilianzisha 2007 chuo kilichokuja kuitwa Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Sebastian Kolowa, kikajulikana kwa kufundisha walimu wa elimu maalumu. Fikiria maana ya jirani katika bweni ambamo mmoja wa wakazi haoni. Ndoo iliyoachwa kwenye korido, ambayo kwa wengine ni uzembe mdogo, kwake ni mguu uliovunjika.

Kwa kipimo hiki kanuni nyingi zinapita bila shida, na zinapita kwa nguvu zaidi kuliko zinapotetewa kwa jina la nidhamu. Wanafunzi hulalamikia katazo la jiko na hita vyumbani, na ni kweli chakula cha mgahawani kinakula bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, haraka. Lakini Agosti 2009 bweni la Shule ya Sekondari Idodi, Iringa, liliungua usiku na wasichana 12 wakafa. Moto haumchagui aliyeuwasha. Anayechemsha wali kwa waya uliounganishwa ovyo anayahatarisha maisha ambayo si yake, na mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli na uongozi ni kosa hilo hilo likitendwa na upande wa pili. Kwa hiyo chuo kinachopiga marufuku hita kinadaiwa kutengeneza jiko la pamoja lenye nyaya salama, kwa sababu aliyemwambia mtu asipike hapa anajua kwamba mtu huyo atakula.

Jambo gumu ni kubebana. Wanafunzi wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamelipa jina hilo tendo la mwenye kitanda kumchukua mwenzake aliyekosa nafasi, wakalala wawili kwenye godoro la mmoja muhula mzima. Nafasi hazijawahi kutosha. Hosteli zilizofunguliwa pale Aprili 2017 katika majengo 20, zenye uwezo wa kulaza wanafunzi 3,840, zilisaidia sana lakini hazikulimaliza tatizo. Kanuni zinakataza kubebana, na dhamiri za wengi zinasema kanuni hizo ni za kikatili: unawezaje kumwacha rafiki yako akalale kituo cha basi na wewe una godoro? Nauheshimu moyo huo, lakini ukarimu ni kutoa kilicho chako. Mwenye kitanda anatoa nusu ya godoro lake, ambayo ni yake kuitoa. Wakati huo huo anatoa hewa ya chumba, soketi, zamu ya bafu, ukimya wa usiku na stara ya wenzake watatu ambao hakuwauliza. Mafundisho ya Kiislamu yanampa mgeni haki ya siku tatu, yakaita kinachozidi hapo sadaka, na yakamkataza mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika dhiki. Mafundisho hayo yanatenganisha mgeni na mkazi kwa usahihi kuliko kanuni yoyote ya hosteli niijuayo. Kwa hiyo anayekwama kwa siku chache akisubiri bumu au chumba apokelewe, wakazi wote wa chumba wakiridhia, na jina lake liandikwe kwa msimamizi. Anayetaka kuhamia hawezi kuhamia kwa huruma ya mtu mmoja inayolipiwa na watatu.

Hapo ndipo lawama inapohamia kwa chuo chenyewe, nayo ni nzito. Bweni la chuo, tangu zamani, lilikuwa la asiye na pa kulala. Robert de Sorbon alipoanzisha nyumba yake Paris, karibu na 1257, alikusudia wanafunzi maskini wa teolojia. Al-Azhar ya Kairo ilikuwa na riwaki zake, ambamo wanafunzi waliotoka nchi za mbali walilala na kupata mkate kwa mapato ya wakfu. Lamu, kwa mfumo huo huo wa Kiislamu, Habib Swaleh alijenga msikiti na chuo cha Riyadha, na wanafunzi wakakifuata kutoka pwani yote. Kitanda kilichotolewa hivyo ni amana, na amana hugawiwa kwa haja. Kwanza mwenye ulemavu, kisha msichana anayetoka mbali na mtoto wa mkulima asiyeweza kodi ya mtaani, na mwisho mwenye ndugu mjini, Raskazone au Chumbageni. Chuo kinachogawa kwa kujuana kimekula amana. Mwanafunzi anayepangiwa chumba kisha akakiuza kwa mwingine, kama inavyotokea katika vyuo vikubwa, naye ameila, na sioni sababu ya kuiita biashara hiyo ujanja. Chuo kisichowatangazia mapema wanafunzi wapya idadi ya vitanda vyake ndicho kinachozalisha kubebana, na hakina uso wa kumwadhibu aliyemfunika mwenzake.

Wazazi watapinga. Watasema wamekikabidhi chuo mtoto wao, na chuo kinachokataa ulezi kinakimbia wajibu. Pingamizi hili lina uzito, maana mzazi wa Handeni aliyeuza mbuzi ili kulipa ada anataka kujua kuna mtu anayemwangalia binti yake. Lakini ulezi una mwisho wake, na mwisho huo haukuwekwa na wanaharakati wa haki za vijana. Katika sura ile ile ya An-Nisaa walezi wa mayatima wanaamriwa kuwajaribu, na wakiona wamepata busara wawakabidhi mali zao, wasiicheleweshe. Mlezi anayekataa kumjaribu mtoto hawezi kamwe kujua kama amekomaa. Sheria ya Tanzania inamhesabu mtu wa miaka 18 kuwa mtu mzima: anapiga kura, anaingia mikataba, na akikosa anashtakiwa kama mkubwa. Haiwezekani mtu huyo atoshe kumchagua rais na asitoshe kuchagua saa ya kurudi chumbani. Tena tuseme wazi kwamba saa ya kufunga geti, katika bweni la wasichana, mara nyingi huwekwa mapema kuliko katika la wavulana, kana kwamba hatari ya njiani inamalizwa kwa kumfungia anayewindwa. Taa za barabarani na walinzi kutoka maktaba hadi bwenini vinamlinda vizuri zaidi, na vinamwacha asome.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wa dini, nalo ni la ndani zaidi. Wanasema zinaa na ulevi ni dhambi hata kama jirani hajaamshwa, na chuo katika mji wenye misikiti na makanisa mengi kama Tanga hakiwezi kunyamaza. Sikatai kwamba ni dhambi. Nauliza upekuzi wa usiku unaleta nini. Kuna kisa kinachosimuliwa madrasani cha Khalifa Umar, aliyepanda ukuta wa nyumba akamkuta mwenyewe katika maasi. Mtu yule akamjibu kwamba ikiwa yeye amekosa mara moja, khalifa amekosa mara tatu: amepeleleza, hakuingia kwa mlango, wala hakubisha hodi. Umar akamwacha. Ibada na uchaji havina thamani bila nia, na nia haipatikani kwa kufuli. Anayejizuia kwa sababu geti limefungwa hajajizuia. Hata hivyo katazo la kumwingiza mpenzi chumbani linabaki, na mimi nalitetea bila kusita, kwa sababu chumba kina mkazi mwingine mwenye haki ya kuvua nguo, kusali na kulala bila kutazamwa. Linabaki kwa ajili yake. Kwa hiyo haliwezi kunyooshwa hadi ukumbi wa wageni, bustani au mgahawa, ambako wanaozungumza hawamvui mtu stara.

Wasimamizi nao watasema jirani mnyonge hasemi, hasa wa mwaka wa kwanza aliyepangiwa na wakubwa wake. Hilo ni kweli, na ndiyo kazi halisi ya msimamizi: kuwa sauti ya anayeogopa kumwambia mwenzake azime taa. Akiifanya atahitajika. Asichopaswa kukishika mkononi ni kitanda kama adhabu ya maoni. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam walioandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa walifukuzwa, karibu 400, na kufukuzwa chuo kulikuwa pia kufukuzwa walipolala. Vyovyote mtu anavyoihukumu siasa ya siku ile, malazi yanayopotea kwa kukaidi uongozi yanarudi kwenye kanuni ya kambi ya mkonge.

Nawaomba watakaoandika kanuni za mabweni ya Mkinga, na vyuo vingine vya mkoa vitakavyozipitia upya zao, waandike mbele ya kila katazo ni mkazi gani linamlinda, kisha wayafute yote yatakayokosa jina.