Kidonge cha Wengi na Hatari ya Wachache

Wale kati yetu wakaao karibu na mito iendayo kasi wanajua upofu uletwao na usubi, yule inzi mdogo mweusi. Mgawa dawa hupita nyumba kwa nyumba, hupima kimo cha kila mtu kwa ufito, kisha humpa vidonge vya ivermektini. Twameza, twashukuru, basi. Lakini leo twataka kuuliza: je, ni halali kuwapa watu wote dawa yenye kuokoa macho ya wengi, tukijua kwamba yaweza kumwua mmoja wao?

Kwanza tuitazame dawa yenyewe. Asili yake ni bakteria wa udongo uliochotwa Kawana, nchi ya Japani, karibu na uwanja wa gofu. Satoshi Ōmura ndiye aliyewatenga bakteria hao, naye William Campbell, wa kampuni ya Merck huko Marekani, aliongoza kazi ya kuijaribu nguvu yao juu ya minyoo. Mwaka 2015 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel. Ndani ya molekuli ya dawa hii mna pete kubwa ya atomu 16. Dawa za umbo hilo wataalamu huziita makrosikli. Faida ya pete ni nini? Majani ya mgomba yaliyolegea hulala ovyo, lakini mama akiyasokota kuwa kata, mtungi hutulia kichwani. Vivyo hivyo pete hii haikakamai sana wala hailegei ovyo, ikapata kushika mahali papana ambapo dawa ndogo huteleza. Hushika vijilango vya neva za mnyoo, na mnyoo hupooza. Sisi wanadamu hatuna vijilango vya namna ile.

Mwaka 1987 Merck iliahidi kuitoa bure, kadiri itakiwavyo na kwa muda wowote utakiwao. Zawadi kubwa kweli.

Lakini katika misitu ya Kongo na Kameruni yuko mnyoo mwingine, loa, ambaye watu humwona akipita juu ya jicho. Mtu mwenye vijinyoo vya loa zaidi ya 30,000 katika mililita moja ya damu, akimeza kidonge kile, vijinyoo hufa kwa wingi pamoja, naye aweza kuzimia, hata kufa. Huko Okola, Kameruni, ugawaji ulisimamishwa mwaka 1999 kwa sababu hiyo. Kwetu Kongo Central, iliyoitwa Bas-Congo zamani, pia visa vya namna hiyo vimeonekana.

Wengine husema: hesabuni, macho mia ni zaidi ya mtu mmoja. Hesabu hiyo hatuikubali upesi. Mgonjwa akubalipo kupasuliwa, hatari ni yake na faida ni yake. Hapa aingiaye hatarini pengine hana mnyoo wa upofu hata mmoja. Amekuja kwa kuwa chifu ameita watu. Angalau aambiwe kweli kabla hajameza! Hata hivyo hatuwasifu wale wasemao tuache tu. Kipofu aongozwaye na mtoto aliyetolewa shuleni, yeye naye amedhurika kwa kuacha kwetu.

Mwaka 2015 walirudi Okola na darubini ndogo iliyounganishwa na simu, ambayo huhesabu vijinyoo katika tone la damu ya kidole kwa dakika chache. Walipima watu 16,259. Watu 340 walinyimwa kidonge kwa usalama wao. Wengine 15,522 walitibiwa, wala hakutokea madhara makali. Tangu siku hiyo, kwa maoni yetu, swali limegeuka. Zamani mtu aliweza kusema: hatujui ni nani atakayeanguka. Sasa kutojua ni kwa kukosa kupima, na kukosa kupima mara nyingi ni kwa kukosa fedha.

Tena wako wale 340. Akiwamo mwenye minyoo ya upofu, aweza kutibiwa kwa doksisiklini, ambayo haimwamshi loa. Lakini hiyo humezwa kila siku, majuma manne hata sita, si mara moja kwa mwaka. Mtu kama huyo akikaa mwisho wa njia, ng'ambo ya mto, ni nani atakayemfikia kila asubuhi na kidonge chake?