Kanzu ya Samweli



Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya pili, twasoma kwamba Hana alimshonea mwanawe kanzu ndogo na kumpelekea kila mwaka. Wengi wetu huipita habari hiyo upesi, tukikimbilia ile sauti ya usiku. Sisi tuliofundisha walimu twasimama hapo kidogo. Mama huyu alimwona mtoto wake mara moja tu kwa mwaka. Ili kanzu imwenee, ilimpasa amtazame vema: mabega, mikono, kimo. Kipimo cha mwaka jana hakikufaa tena.

Kina mama wetu wanalijua jambo hili. Shule zikikaribia kufunguliwa mwezi wa Januari, nenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, ukawaone wakibandika shati mgongoni mwa mtoto na kumwambia fundi aache pindo.

Wanachuo wa ualimu nao hupewa kazi ya kumchagua mtoto mmoja na kuandika habari za kukua kwake: mwili, akili, moyo wake, na jinsi anavyokaa na wenzake. Luka Mtakatifu, katika sura ya pili, aliandika habari za Bwana wetu akiwa mtoto karibu kwa vichwa hivyo hivyo: hekima, kimo, na kumpendeza Mungu na watu. Hata hivyo wazazi kadhaa wa hapa Posta wametuuliza, kuna haja gani kijana mgeni akae uani kwao na daftari?

Haja ipo. Katika shule moja, ambayo hatutaitaja, mtoto aliandikwa kwamba ni mzito wa akili, na neno hilo likamfuata kutoka darasa la pili hadi la tatu. Mwanachuo wetu mmoja akamchagua. Tulimwagiza aandike yale tu aliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio, pamoja na siku na saa, asiongeze lake. Juma la kwanza aliona haya, maana daftari lilikuwa na mambo madogo madogo. Mtoto akiitwa hugeuza kichwa upande mmoja. Akiketi nyuma hajibu, akiketi mbele hujibu. Jumatano alicheka baada ya wenzake kwisha kucheka. Juma la tatu mama aliambiwa ampeleke mtoto hospitali, na ugonjwa ukaonekana sikioni. Miaka miwili watu wazima walikuwa wakiitibu akili yake kwa fimbo!

Mzee Eli naye alijiwa na mtoto usiku, mara ya kwanza, mara ya pili, naye akamrudisha kitandani bila kumwita msumbufu. Mara ya tatu ndipo alipofahamu. Asingaliweza kufahamu kama angalikuwa amekwisha kumhukumu.

Hata wataalamu hufanya kazi hivyo. Bibi Mary Ainsworth, aliyelelewa Kanada, alikaa Uganda mwaka 1954 na 1955 akizitembelea nyumba za Waganda kila baada ya majuma mawili hivi, familia 26 zenye watoto wachanga 28. Aliketi, akatazama, akaandika. Aliona jinsi mtoto anayetambaa amwachavyo mama, akaenda kuchunguza kitu, akarudi, kisha akaenda tena. Mama ndiye kituo chake. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, na wataalamu wa nchi nyingi wamejifunza kwacho. (Mama wa Kiganda, bila shaka, walikuwa wakiyajua hayo zamani.)

Kuna sharti moja zito. Jina la mtoto lisiandikwe, wala siri za nyumba zisitembezwe barazani. Maria aliyaweka yote moyoni mwake, hakuyapeleka kisimani. Na mtoto mwenyewe aulizwe, kwa kuwa hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa haki ya kutoa maoni yake.

Basi mwanachuo akibisha hodi wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwombeni barua ya chuo, kisha mpeni kigoda. Msimvalishe mtoto nguo za Jumapili kwa ajili yake, wala msimfiche kwamba bado anakojoa kitandani. Siku ya kuaga, mwambieni awasomee aliyoyaandika. Akifika mahali palipoandikwa "mkaidi", mwulizeni aliona nini, siku gani, saa ngapi.