Misiani na Ubishi wa Daraja Mbili

Mtu maarufu akifa huku kwetu, kasoro zake huzikwa naye, na sifa zake huachwa nje ziendelee kunenepa. Daniel Owino Misiani alifariki Mei 17, 2006, kwa ajali ya barabarani Kisumu, na tangu hapo sifa zake hazijaacha kuongeza kilo. Watangazaji wa redio humwita baba wa muziki wa benga. Ughaibuni, ambako muziki wake ulivuma miaka ya 1980 wakati benga ilikuwa tayari na wajukuu, walimpandisha cheo wakamwita babu. Mashabiki wa nyumbani walimjua kwa jina la King of History, na kati ya vyeo vyote hivyo, hiki ndicho ninachokipenda.

Mimi ni shabiki wake. Natangulia kusema hivyo kwa sababu ukimgusa Misiani katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, huna budi kujieleza kabla hujaulizwa. Mgeni hushangaa: hapa si ni kwa Abagusii? Ndiyo, lakini njoo Jumatatu au Alhamisi, siku kuu za soko. Ndizi na parachichi zimeteremshwa kutoka vilimani, mboga za chinsaga na rinagu zimefungwa mafungu, mitumba imemwagwa juu ya maturubai, na akina mama wa Kijaluo waliodamka kupanda matatu kutoka Oyugis na Homa Bay wamefungua magunia ya omena, yaani dagaa. Bei hupatanwa kwa Ekegusii, Dholuo na Kiswahili, mara nyingi ndani ya sentensi moja. Vipaza sauti navyo havina kabila. Hiki kinampiga Christopher Monyoncho, mwanabenga wa hapa Gusii, kile kinampiga Misiani, na anayepita katikati anasikiliza wote wawili kwa lazima.

Ubishi ulianzia kwenye kibanda cha kijana anayepakia watu nyimbo kwenye flash na kadi za simu. Mzee mmoja, dereva wa lori wa zamani, aliagiza apakiwe benga "kutoka kwa mwenyewe aliyeizaa". Kijana hakuuliza ni nani. Alifungua faili la Misiani moja kwa moja.

"Mzee wangu," nikadakia, "Misiani alizaliwa Shirati, Tanzania, mwaka 1940. Benga tunaambiwa ni ya Wajaluo wa Nyanza. Huyu mtoto basi alizaliwa upande gani wa mpaka?"

"Kijana wangu," akanijibu, ingawa mvi zangu alikuwa akiziona, "muziki hauulizwi kitambulisho."

Watu wakacheka, na kwa kanuni za soko nilikuwa nimeshindwa. Lakini suala la uzazi halimalizwi kwa kicheko.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 wapiga gitaa Jean Bosco Mwenda na Edouard Masengo walikuja Nairobi kutoka Katanga, na vijana wengi wa Kenya walijifunza gitaa kwa kuvitazama vidole vyao. Kabla ya gitaa lenyewe kulikuwa na nyatiti ya Wajaluo, yenye nyuzi nane. Sikiliza benga yoyote ya zamani kwa utulivu utaisikia nyatiti humo: gitaa linamfuata mwimbaji nyayo kwa nyayo, linamjibu, na akinyamaza tu linachomoka mbio kama lililokuwa limefungwa kamba. Sisi Abagusii tunayo obokano, nayo ya nyuzi nane, kubwa zaidi na yenye mngurumo mzito. Nadhani ndiyo maana benga haikutugonga masikioni kama kitu cha kigeni.

Walioingia studio katika miaka ya 1960 na mtindo huo walikuwa wengi. Misiani alikuwamo. Alikuwamo pia John Ogara na Ogara Boys wake. Alikuwamo George Ramogi. Kina Ochieng' Nelly na Collela Mazee wakaja na bendi za Victoria, na wapo wasikilizaji wazima, wenye akili timamu, wanaoapa kwamba magitaa ya Victoria yaliipita Shirati Jazz, bendi ya Misiani, kwa mbali. Kila mmoja wa hawa ana watu wa kumwapia kuwa yeye ndiye wa kwanza. Ukimpa Misiani ubaba peke yake, umewafungia wenzake nje ya boma.

Hata ndani ya Shirati Jazz yenyewe kuna hesabu ambayo haijafanywa. Bendi hiyo ilidumu miongo kadhaa. Ni wapigaji wangapi wa solo na besi waliopita humo? Mtu husema "gitaa la Misiani" na pengine anasifu vidole vya kijana aliyelipwa nauli na chakula, ambaye jina lake halikuandikwa kwenye sahani ya santuri. Jina huwa la yule aliyeandikwa. Ushahidi mkubwa wa hilo uko Zimbabwe. Mfanyabiashara wa sahani, Phares Oluoch Kanindo, alizisambaza benga hadi kusini mwa Afrika, na huko watu wakauita muziki wenyewe "kanindo". Lebo yake nyingine iliitwa Sungura, na leo sungura ni jina la muziki mzima wa Wazimbabwe. Waliokuwa wakitoa jasho kwenye magitaa hawakuachiwa hata sungura mmoja.

Kwa hiyo cheo cha ubaba mimi nakikataa. Ila ubishi wangu na yule mzee ungekuwa wa bure kama ungeishia hapo, kwa sababu Misiani hakuingia katika maisha ya watu wa Daraja Mbili kwa kuwa wa kwanza. Aliingia kwa maneno.

Dholuo yangu ni ya soko. Najua bei, najua salamu, najua maneno machache ya kumbembeleza mtu apunguze. Nyimbo za Misiani nilizielewa kupitia kwa akina mama wa omena. Wimbo ungeanza, na mahali fulani katikati, ambapo mimi nilikuwa nasikia majina ya wanyama na labda jina la mfalme wa Biblia, wao wangeangua kicheko wote kwa pamoja. Halafu mmoja angenifafanulia, akiwa bado anafuta machozi, kwamba huyo fisi si fisi, na huyo mfalme bado yuko ofisini. Wakati mwingine hakuna aliyefafanua. Walitazamana tu, wakaendelea kupima omena. Nyimbo za namna hiyo ndizo nilizotaka zaidi kuelezwa.

Huo ndio ufundi wake. Alichukua hadithi ya wanyama, ambayo kila bibi anaijua, au kisa cha Agano la Kale, ambacho kila mhubiri anakijua, akakiacha kimchome anayestahili kuchomwa. Wakati wa serikali ya muungano wa NARC, wakubwa waliokuwa wameingia madarakani wakishikana mikono walipoanza kurukiana, alitoa "Bim en Bim", yaani nyani ni nyani. Hakukuwa na haja ya kumtaja mtu. Kila msikilizaji alikuwa na nyani wake kichwani.

Uzito wa hayo unaonekana vizuri ukikumbuka Shirati alikozaliwa. Misiani alikamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake, akatishiwa kurudishwa Tanzania. Mwenyeji akiwaudhi wakubwa hupelekwa kituoni. Mgeni hupelekwa mpakani. Mwanamuziki Joseph Kamaru naye aliimba kwa ujasiri baada ya kuuawa kwa mwanasiasa J.M. Kariuki mwaka 1975, na simpunguzii hata punje. Lakini Kamaru aliwasema wakubwa kwa Gikuyu, lugha ya meza yao, katika nchi ambayo hakuna aliyeweza kumwambia arudi kwao. Misiani alikuwa na makazi, mashabiki na bendi Kenya, na vyote hivyo vingeweza kupotea kwa sahihi ya ofisa mmoja. Aliimba hata hivyo. Mtu wa kujitafutia mkate tu angebaki na nyimbo za mapenzi, ambazo alizijua vilevile.

Nilipomweleza hayo, mzee alinitazama kwa furaha, akadhani nimehamia upande wake. Nikamkumbusha jambo ambalo mashabiki hatupendi kuligusa. Benga ni muziki wa majina. Desturi ya pakruok inamruhusu mtu mwenye noti kusimamisha wimbo ajisifu au asifiwe, na wanamuziki wa benga waliishi kwa nyimbo za kuwatukuza watu: tajiri huyu, mwalimu yule, mke wa fulani. Misiani hakuwa malaika nje ya desturi hiyo. Sauti iliyowaita wakubwa nyani ndiyo sauti iliyopanga majina ya wenye mali kama orodha ya wageni wa harusi. Wapo wanaoona doa hapo. Mimi naona mtu aliyekuwa na bendi ya kulisha. Tatizo langu ni na sisi tunaomkumbuka, tunaohifadhi nyimbo za ujasiri na kuzitupa za malipo, hadi anabaki mtu ambaye hata yeye asingemtambua akikutana naye River Road, Nairobi.

"Na Monyoncho je?" akauliza mama aliyekuwa amesimama na ndizi zake, ambaye nilidhani hatusikilizi.

Swali hilo lilinikaba kuliko yote. Hapa Gusii, Monyoncho hahitaji utangulizi. Wimbo wake ukipigwa Egesa FM, watu wazima huongeza sauti bila kuulizana, na mzee aliyekuwa anaondoka hukaa tena. Lakini vuka Nyamira uende mbele, mtaje, utaulizwa ni mbunge wa wapi. Aliimba benga, aliimba kwa lugha ya watu wake kama Misiani alivyofanya, na watu wake walimpenda vilevile. Tofauti kubwa, kwa macho yangu, ni kwamba benga ya Wajaluo ilipata wafanyabiashara wa sahani wenye miguu mirefu, na baadaye ikapata Wazungu wa kuandika maelezo nyuma ya kasha. Ya kwetu ilibaki kwenye matatu na harusini. Kwa kipimo cha umbali, Misiani ni mkubwa. Kwa kipimo cha mama huyu na ndizi zake, sijui ningeanzaje kumshawishi.

Nilimwambia hivyo. Akasema basi nimeandika magazetini miaka yote hiyo bila kumwandika Monyoncho, kwa hiyo nisilaumu wafanyabiashara. Kisha akaniuzia mkungu kwa bei ambayo nina hakika ilikuwa na faini ndani yake.

Mzee hakutikisika hata kidogo. "Wewe Dholuo yako ni ya kununua samaki," akaniambia. "Maneno ya Misiani umeyapima kwa mizani gani?"

"Kwa mizani ya wanaouza samaki," nikasema.

Akatikisa kichwa, akalipa, akamwamuru kijana aandike kwenye faili "Baba wa Benga", si vinginevyo. Kijana akaandika, maana mteja ni mteja. Mama wa ndizi akamtazama hadi akaona haya, naye akafungua faili la Monyoncho, akafikiri kidogo, akalipatia jina "Baba wa Benga 2".