Kuwazuru Wana na Wajukuu Kabla ya Njia Kufungwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuunganisha kwa nasaba na kwa ukwe, akatuamrisha kuunga udugu na akatuonya tusiukate. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zetu Waislamu, leo twataka kukumbushana juu ya muda mfupi uliotupitia mwaka wa 2020, ambao wengi wetu tumekwisha kuusahau, ilhali ndani yake mna mafunzo makubwa. Tarehe 13 Machi ya mwaka huo Serikali ilitangaza yakuwa mtu wa kwanza mwenye maradhi ya Korona ameonekana Kenya. Tarehe 22 mikusanyiko ya ibada ikasimamishwa. Tarehe 27 ikaanza amri ya kutotoka nje usiku. Tarehe 6 Aprili ikafungwa Nairobi, na tarehe 8 zikafungwa Mombasa, Kilifi na Kwale, asiingie mtu wala asitoke. Basi tangu khabari ya kwanza hadi kufungwa kwa njia zetu zilikuwa siku 26 tu. Na njia za Nairobi na Mombasa hazikufunguliwa ila tarehe 7 Julai. Ramadhani ikaingia na ikatoka, na Idi ikapita kila mtu yu nyumbani mwake. Nao Mji wa Kale wa Mombasa, tangu tarehe 6 Mei, ukafungwa peke yake ndani ya mji uliokwisha kufungwa.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu alipanda garimoshi mwishoni mwa Februari kwenda Nairobi kwa binti yake aliyeolewa huko. Hapakuwa na arusi wala maziko. Alikwenda kuwatazama tu. Alikaa siku 6, akampakata mjukuu wake wa miaka 3, akamfundisha Alhamdu, akarudi. Jirani yake naye alikuwa na mwana huko huko Nairobi. Aliombwa wafuatane, akasema atakwenda baada ya Idi. Njia zikafungwa. Ilipofika Mei yule wa kwanza alifariki dunia, akazikwa na watu wachache kama ilivyoamriwa, na binti yake asiweze kuja. Tulipompigia simu kumpa mkono wa tanzia, alitwambia yakuwa kila asubuhi mtoto huisoma Alhamdu kwa mahadhi ya babu yake. Yule jirani yu hai, Mungu ampe umri na afya. Walakini alipofika Nairobi mwezi wa Agosti, mjukuu wake aliyezaliwa Januari alimlilia kama mtoto amliliavyo mgeni. Wote wawili ni watu wema, na wote wawili wawapenda watoto wao. Tofauti yao ni kuwa mmoja alikwenda na mwengine aliahirisha.

Basi ni jambo gani lituahirishalo? Tumesikia sababu tatu, na zote tatu twapaswa kuzipima kwa mizani ya dini.

Ya kwanza, husemwa kuwa mwana ndiye ajaye kwa mzazi, wala mzazi hamfuati mwana. Haki ya wazazi ni kubwa, hilo halina shaka. Lakini kuunga udugu hakukuwekwa kwa mdogo peke yake. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas yakuwa Nabii Ibrahim (A.S.) alitoka Sham mpaka Makka kumzuru mwanawe Ismail aliyekuwa mtu mzima mwenye mke. Safari ya kwanza hakumkuta. Safari ya pili hakumkuta. Hakusema kuwa yeye ni mzazi na basi aje mwana. Alirudi mara ya tatu, akamkuta amekaa chini ya mti karibu na Zamzam akichonga mishale, wakakumbatiana kama wafanyavyo baba na mwana. Huyu ni Khalili wa Mwenyezi Mungu! Ni nani katika wazee wetu aliye na heshima kubwa kuliko yake, hata iwe kumfuata mwanawe ni kujishusha? Na Mtume wetu (S.A.W.) alipombusu mjukuu wake Hasan mbele ya mkuu mmoja wa Bani Tamim, na mtu yule akajisifu kuwa ana watoto kumi wala hajambusu hata mmoja, Mtume alimfahamisha kuwa asiyehurumia hahurumiwi.

Ya pili, husemwa kuwa haifai kwenda mkono mtupu. Mama hutaka kwanza apate doti za leso, na halua, na mabumunda, na cha kumpa mkwewe, na cha kuwafumba vinywa mawifi. Mwezi ukaisha fedha hazijatimia, na safari ikaondoka. Zawadi ni sunna njema kwa aliye nayo. Lakini ada iliyoifanya zawadi kuwa sharti la kuonana imeligeuza jambo jepesi alilolipenda Mwenyezi Mungu likawa zito, na hiyo ni katika mizigo tuliyojitwika wenyewe. Ibrahim alipoingia kwa mke wa mwanawe aliuliza khabari ya maisha yao, na akaacha salamu na nasiha. Hayo yatosha.

Ya tatu, husemwa kuwa tutaonana Idi, au arusini. Tazama tuyafanyayo: kukitokea maziko twakodi gari zima usiku huo huo, tukasafiri mwendo wa usiku kucha, na gharama hatuihesabu. Kushuhudia maziko ni haki ya Muislamu kwa nduguye. Lakini inakuwaje fedha ya kwenda kuzika ipatikane kwa saa moja, na fedha ya kwenda kupakata isipatikane kwa miaka miwili? Na Idi ya mwaka wa 2020 ilitufundisha kuwa Idi si mali yetu hata tuiwekee miadi.

Hapa huenda mtu akafahamu vibaya akasema: kumbe ilitupasa kukimbilia kwa watoto tuliposikia maradhi yamekuja. La! Mtume (S.A.W.) ametukataza kuingia katika nchi tuliyosikia ina tauni, na ametukataza kutoka kwa kuikimbia pale tulipo. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akapata khabari ya tauni, alishauriana na masahaba akaazimia kurudi. Abu Ubaida akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akamjibu kuwa wanaitoka kadari moja ya Mungu kuiendea nyingine. Kisha akaja Abdulrahman bin Auf na hadithi hiyo, na Umar akamshukuru Mungu. Tauni hiyo ya Amwas, ya mwaka wa 18 wa Hijra, ndiyo waliyofia Abu Ubaida na Muadh bin Jabal. Basi waliopita njia za panya usiku baada ya amri ya Aprili, hata kama nia yao ilikuwa kuona wazazi, walikosea. Kwani mtu aweza kumpelekea mamake mauti huku akidhani ampelekea mapenzi. Wakati huo kuunga udugu kulikuwa ni kukaa mbali, na kupiga simu, na kuomba dua.

Kwa hivyo mafunzo si kushindana na mlango unaofungwa. Mafunzo ni kwenda siku ambayo hakuna mlango unaofungwa, siku ya kawaida isiyo na jambo.

Nanyi vijana mnaokaa mbali, wafanyieni wazazi wepesi. Watumieni nauli bila kungoja waombe, kwani mzee huona haya. Msiwaambie nyumba ni ndogo. Mkeka mmoja watosha. Na mzazi naye akifika asiende kukagua nyumba ya mkwewe, bali awe mgeni mwenye kuridhika, ili apendwe kurudi tena.

Kila asomaye maneno haya na ahesabu: ni mwezi gani alipoonana mara ya mwisho na mwanawe aliye mbali, na ni mjukuu gani asiyemjua kwa sura. Kisha aweke siku kabla ya mwezi huu kwisha, aende na alicho nacho.

Ewe Mola wetu, warehemu waliozikwa katika miezi ile bila ya watoto wao kuwafikia. Wape subira waliobaki, utuwezeshe kuunga udugu wetu tukiwa na afya na njia zikiwa wazi, na utukusanye na wana wetu na wajukuu wetu katika Pepo yako. Amin.